Kumpata Ndugu: Ushindi wa Hoja na Thamani ya Ushirika katika Maisha ya Kikristo

Utangulizi

Mtu anayeandaliwa kwa huduma ya uchungaji hufundishwa kujenga hoja. Hujifunza lugha za Biblia, historia ya mafundisho, na namna ya kutambua mahali ambapo fundisho potofu limejificha. Hayo yote ni ya lazima, maana kanisa lisiloweza kuieleza imani yake haliwezi kuilinda. Hata hivyo mafunzo hayo yana hatari yake. Mchungaji kijana afikapo usharikani huwa na silaha nyingi kuliko watu wote wanaomzunguka. Anajua Kiyunani ambacho mzee wa kanisa hakijui. Anasimama mimbarani ambako hakuna mtu amjibuye. Ana maneno ya kutosha kumnyamazisha mwinjilisti aliyetumika miaka thelathini. Aweza kushinda kila mjadala wa mwaka wake wa kwanza, na mwisho wa mwaka akajikuta hana watu wa kuwachunga.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo moja: kwamba ushindi ambao Maandiko yanauhesabu ni kumpata ndugu, na kwamba kuwa na hoja iliyo sahihi hakutuondolei wajibu huo. Tutaanza na maneno ya Bwana katika Mathayo 18, kisha tutamsikiliza Paulo. Halafu tutaitazama historia ya kanisa letu wenyewe, hasa miaka iliyo kati ya 1522 na 1536, ambayo inatia moyo na kuhuzunisha kwa pamoja. Mwishoni tutasema machache juu ya huduma ya kila siku.

1. Neno la sokoni katika Mathayo 18

Katika Mathayo 18:15 Bwana anaeleza afanye nini mtu aliyekosewa na ndugu yake. Amwendee, azungumze naye wakiwa wawili peke yao, amwonyeshe kosa lake. Tukiusoma mstari huu haraka, twaweza kudhani kwamba jambo kubwa ndani yake ni kulithibitisha kosa. Lakini mwisho wa mstari wasema vingine. Mkosaji akisikia, Bwana hasemi kwamba aliyekosewa ameshinda, wala kwamba haki yake imethibitishwa. Asema kwamba amempata ndugu.

Neno la Kiyunani lililotumika hapa ni *kerdaino*, na ni neno la sokoni. Maana yake ni kupata faida, kama mfanyabiashara apatavyo. Mathayo analitumia pia katika mfano wa talanta, ambapo watumwa wawili walipata nyingine juu ya zile walizopewa (Mt. 25:16-22), na katika swali la Yesu juu ya mtu aupataye ulimwengu wote na kuipoteza nafsi yake (Mt. 16:26). Basi Bwana analeta hesabu ya faida na hasara katikati ya ugomvi wa ndugu wawili, na faida anayoihesabu ni moja tu, yaani mtu. Aliyethibitisha kosa la mwenzake bila kumpata amerudi kutoka sokoni na kikapu kitupu, hata kama njiani watu wote walimsifu kwa ufasaha wake.

Yafaa pia tuangalie mahali mstari huu ulipowekwa. Kabla yake kuna mfano wa kondoo mmoja aliyepotea (Mt. 18:12-14). Baada yake kuna swali la Petro kuhusu mara ngapi imempasa kusamehe (Mt. 18:21-22). Kwa hiyo utaratibu wa kuonyana umezungukwa pande zote mbili na rehema: ni utaratibu wa mchungaji anayetafuta, akiwa mtu ambaye mwenyewe amesamehewa. Wengi wetu tunaufahamu kama hatua za nidhamu ya kanisa: kwanza faragha, kisha mashahidi wawili au watatu, kisha kanisa zima. Ndivyo ulivyo. Lakini kila hatua ni jaribio jingine la kumpata yule yule. Hata hatua ya mwisho, ambapo asiyesikia ahesabiwe kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru, hatuwezi kuisoma tukisahau kwamba katika Injili hii Mathayo mwenyewe aliitwa kutoka katika meza ya ushuru, na Yesu akala pamoja na watu wa namna hiyo (Mt. 9:9-11).

2. Paulo: meza ya Korintho na meza ya Antiokia

Paulo analichukua neno hilo hilo la faida na kulifanya kipimo cha utume wake. Katika 1 Wakorintho 9:19-22 analitumia mara tano. Yeye aliye huru alijifanya mtumwa wa wote, kwa Wayahudi kama Myahudi, kwa walio dhaifu kama mdhaifu, ili awapate. Maneno haya hayakutoka hewani. Yamefuata mara baada ya mjadala wa sura ya 8 kuhusu nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu, na mjadala huo ndio unaotufundisha zaidi kwa habari ya somo letu.

Huko Korintho walikuwako wenye nguvu, watu wenye ujuzi. Hoja yao ilikuwa kwamba sanamu si kitu, Mungu ni mmoja, na kwa hiyo nyama ni nyama tu. Paulo anakubaliana nao kabisa (1 Kor. 8:4-6). Kwa habari ya fundisho, wenye nguvu walikuwa wameshinda. Lakini Paulo hawaruhusu kuutumia ushindi huo, kwa sababu karibu nao alikuwako mtu ambaye dhamiri yake haikuwa imefika mahali pale, na mtu huyo aliweza kuangamizwa na hoja iliyo sahihi. Kristo alikufa kwa ajili yake, asema Paulo (1 Kor. 8:11). Katika Warumi 14:15 anarudia jambo lile lile kuhusu vyakula. Thamani ya ndugu imepimwa msalabani, na hakuna hoja ya chakula iwezayo kufikia thamani hiyo.

Hapa msomaji makini atauliza: Je, si Paulo huyu huyu aliyempinga Petro mbele ya watu wote huko Antiokia (Gal. 2:11-14)? Ndiye. Wala hatuna budi kulificha tukio hilo, kwa maana linatupa ufunguo. Petro alikuwa akila pamoja na Wakristo wa mataifa. Walipokuja watu kutoka kwa Yakobo alijitenga, na Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba. Kosa ambalo Paulo hakuweza kulinyamazia lilikuwa kuvunjwa kwa meza. Ndugu wa mataifa walikuwa wameachwa wale peke yao, kana kwamba imani yao katika Kristo haikutosha. Paulo aligombana kwa sauti kuu ili watu waketi tena pamoja.

Kumbe Paulo wa Korintho na Paulo wa Antiokia hawapingani. Mahali pamoja ananyamaza, na mahali pengine anapaza sauti, na pote pawili anamtetea ndugu ambaye yuko karibu kupotezwa. Twaweza kupata hapa swali la kujiuliza kila tunapoingia katika mabishano: Je, hoja hii ninayoishikilia inamrudisha mtu mezani, au inamwondoa?

3. Wittenberg, Machi 1522

Historia ya Matengenezo ya Kanisa inatupa mfano ulio wazi wa jambo hili. Luther alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, kazi ya matengenezo mjini Wittenberg iliendelea chini ya uongozi wa wengine, hasa Andreas Karlstadt na mtawa wa Kiaugustino Gabriel Zwilling. Siku ya Krismasi ya mwaka 1521 Karlstadt aliongoza Ushirika Mtakatifu bila mavazi ya kikuhani, akawapa washarika mkate na kikombe pia. Mnamo Januari 1522 baraza la mji lilitoa agizo la kubadili ibada na kuondoa sanamu. Baadhi ya watu walizivunja sanamu kwa nguvu. Wengine walitakiwa kukishika kikombe kwa mikono yao wenyewe, jambo ambalo walikuwa wamefundishwa tangu utoto kwamba ni dhambi.

Luther alirudi Wittenberg tarehe 6 Machi 1522. Kuanzia Jumapili ya tarehe 9 hadi tarehe 16 alihubiri mahubiri manane, yajulikanayo kama mahubiri ya Invokavit, kwa jina la Jumapili ile ya kwanza ya Kwaresima. La kushangaza ni kwamba katika mambo mengi alikubaliana na yale yaliyofanyika. Yeye mwenyewe alikuwa amefundisha kwamba washarika wapewe kikombe, na kwamba misa kama dhabihu ni kosa. Alichokipinga ni namna. Watu walikuwa wameburutwa kabla hawajafundishwa. Alitofautisha kati ya yale yaliyo ya lazima na yale ambayo Mungu ameyaacha huru, akaonya kwamba katika yale yaliyo huru mtu asiye na upendo aweza kuwa na haki katika hoja yake na bado akamwangamiza jirani. Walio dhaifu, alisema, wanahitaji maziwa kwanza, na mwenye imani yenye nguvu hana budi kuwasubiri. Neno lihubiriwe, na Neno lenyewe litafanya kazi mioyoni.

Matokeo yake yalikuwa nini? Mji ulitulia ndani ya juma moja bila askari. Baadhi ya taratibu za zamani zilirudishwa kwa muda, na watu walipokwisha kufundishwa ziliachwa tena. Zwilling alikiri kosa lake, na baadaye akawa mchungaji huko Torgau. Zwilling alipatikana.

Karlstadt hakupatikana. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa kitivo na aliyemtunuku Luther shahada ya udaktari mwaka 1512. Ndiye aliyesimama upande mmoja naye katika mdahalo wa Leipzig mwaka 1519. Sasa alikatazwa kuhubiri mjini Wittenberg, na maandiko yake yakazuiwa. Wawili hao walipokutana huko Jena mwezi Agosti 1524, mazungumzo yaliishia Luther akimpa sarafu ya dhahabu kama rehani ya kwamba waandikiane kwa upinzani. Majuma machache baadaye Karlstadt alifukuzwa katika nchi ya Saxony. Hivyo mhubiri aliyewasubiri walio dhaifu kwa uvumilivu mkubwa hakuwa na uvumilivu ule ule kwa mwenzake aliye sawa naye kwa elimu. Twaona hapa jambo ambalo kila mwalimu wa theolojia yafaa alitafakari: mara nyingi ni rahisi kumvumilia mshirika asiyesoma kuliko kumvumilia msomi mwenzetu.

Hata hivyo kisa hicho hakikuishia hapo. Mwaka 1525, vita vya wakulima vilipokwisha, Karlstadt alikuwa mkimbizi ambaye maisha yake yalikuwa hatarini. Alimwomba Luther hifadhi. Luther, ambaye alikuwa ameoa mwezi huo huo wa Juni, alimpokea na kumficha nyumbani mwake kwa majuma kadhaa. Hoja baina yao haikuwa imekwisha, na miaka michache baadaye walitengana tena. Lakini mlango ulifunguliwa wakati ambapo kuufunga kungekuwa kumkabidhi mtu kwenye mauti.

4. Marburg 1529 na Wittenberg 1536

Tukio la pili ni zito zaidi. Mwanzoni mwa Oktoba 1529 Philip, mtawala wa Hesse, aliwaalika Wanamatengenezo wa Ujerumani na wa Uswisi katika ngome yake ya Marburg. Upande mmoja walikuwako Luther, Melanchthon na wenzao. Upande wa pili walikuwako Zwingli wa Zürich, Oecolampadius wa Basel, na Bucer wa Strasbourg. Jambo lililowatenga lilikuwa Chakula cha Bwana. Luther alikiri kwamba mwili na damu ya Kristo vipo kweli katika mkate na divai. Zwingli aliyaelewa maneno ya Bwana kwa njia ya ishara. Luther aliyaandika maneno ya Kristo juu ya meza kwa chaki, kwa Kilatini, akayafunika kwa kitambaa, na wapinzani walipodai uthibitisho akakifunua.

Sisi Walutheri hatuna haja ya kumwonea haya Luther kwa ungamo lake. Kwake jambo hili lilihusu faraja ya mwenye dhambi: kwamba Kristo anajitoa kweli mahali alipoahidi, hata imani yetu iwapo dhaifu. Lakini tuzitazame hati zilizotoka Marburg. Vipengele kumi na vitano viliandikwa. Katika kumi na vinne pande zote mbili zilikubaliana: Utatu, umwilisho, dhambi ya asili, kuhesabiwa haki kwa imani, ubatizo, na mengine. Katika cha kumi na tano walikubaliana kwamba washarika wapewe mkate na divai pia, na kwamba misa si dhabihu. Walitofautiana kuhusu namna mwili na damu ya Kristo vinavyokuwapo. Kipengele kilimalizika kwa kusema kwamba kila upande uuonyeshe mwingine upendo wa Kikristo kadiri dhamiri ya kila mtu iruhusuvyo.

Zwingli, kwa machozi, aliomba wahesabiwe kuwa ndugu. Luther alikataa. Aliona kwamba wenzake wa upande ule wana roho nyingine. Wakaachana. Miaka miwili baadaye, tarehe 11 Oktoba 1531, Zwingli aliuawa katika vita vya Kappel, na Luther alikiona kifo kile kuwa hukumu ya Mungu. Na jambo hili yafaa tulikumbuke: mwaka huo huo wa 1529 Luther alikuwa ameitoa Katekisimo Ndogo, ambayo katika maelezo ya amri ya nane inatufundisha kumtetea jirani, kumnena vema, na kuyaeleza mambo yake yote kwa njia iliyo bora kabisa. Watoto wa kipaimara wamekuwa wakijifunza maelezo hayo kwa karibu miaka mia tano. Kumbe aliyeyaandika alipata shida kuyatimiza alipoketi mbele ya mtu mwenye hoja kali. Hakuna mwalimu wa kanisa aliye juu ya katekisimo anayoifundisha.

Sasa tutazame yaliyofuata. Bucer hakukata tamaa. Mwezi Septemba 1530 alisafiri kumtembelea Luther katika ngome ya Coburg. Aliandika barua nyingi. Mwezi Desemba 1534 alikutana na Melanchthon huko Kassel. Aliyasikiliza mashaka ya Luther hadi akaweza kuyaeleza kwa maneno ambayo Luther mwenyewe aliyatambua, na katika kusikiliza huko mawazo yake yeye mwenyewe yalisogea. Mwezi Mei 1536 alifika Wittenberg pamoja na wachungaji wa miji ya kusini mwa Ujerumani. Wakakiri pamoja kwamba mwili na damu ya Kristo vipo kweli na hutolewa pamoja na mkate na divai. Palipokuwa na ugumu kuhusu nini wanachopokea wasio na imani, walitumia neno "wasiostahili" ambalo Paulo anatuelekeza kwalo katika 1 Wakorintho 11, wakaacha kusukumana zaidi. Luther aliwapokea kama ndugu, na Bucer akatokwa na machozi.

Luther wa 1536 alikuwa na ungamo lile lile la 1529. Hakuacha hata neno moja la yale aliyoyaandika kwa chaki. Tofauti ilikuwa wapi? Marburg watu walipewa siku chache, hoja zikiwa tayari, baada ya miaka ya kushambuliana kwa vitabu. Wittenberg walifika baada ya miaka saba ya kutembeleana na kuandikiana. Uhusiano ule haukuchukua nafasi ya ukweli; uliufanya ukweli uweze kusikika. Mtu asiyetuamini hawezi kusikia hoja yetu hata ikiwa sahihi, maana anasikiliza tu mahali pa kujibu.

Zürich haikuingia katika mapatano hayo, na maandishi makali yaliendelea hadi mwisho wa maisha ya Luther. Walutheri na Wareformed wa Ulaya walifikia ushirika kamili wa mimbara na meza katika Mapatano ya Leuenberg ya mwaka 1973. Kutoka 1529 hadi 1973 ni miaka 444. Hiyo ndiyo bei ya ndugu asiyepatikana.

5. Mafunzo ya nyakati zetu

Mwaka 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano mkuu wake wa sita Dar es Salaam, wa kwanza katika bara la Afrika, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa rais wa Fungamano. Mkutano huo ulifanya mambo mawili ambayo kwa haraka yaonekana kupingana. Kwanza, ulikubali kwamba umoja wa kanisa waweza kuwa umoja katika tofauti zilizopatanishwa: makanisa yenye mapokeo mbalimbali yaweza kuishi katika ushirika wa kweli bila kufanana katika kila jambo. Pili, ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini umekuwa jambo la ungamo la imani, ambalo kanisa haliwezi kuwa na maoni mawili juu yake. Mwaka 1984 makanisa mawili ya Wazungu ya kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama, na baadaye yakapokewa tena.

Anayekumbuka Antiokia hataona upingamano. Ubaguzi ulivunja meza, basi kanisa lilipaza sauti. Tofauti za mapokeo hazivunji meza zikipatanishwa, basi kanisa lilizivumilia. Kipimo ni kile kile.

Tarehe 31 Oktoba 1999 mjini Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi Tamko la Pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Tamko hilo halikusema kwamba tofauti zimekwisha. Lilionyesha kwamba laana za karne ya kumi na sita haziyagusi mafundisho ya kila upande kama yalivyoelezwa humo. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006, na Wareformed mwaka 2017.

Katika mkutano mkuu wa Stuttgart, mwezi Julai 2010, Walutheri waliomba msamaha kwa Mungu na kwa Wamennonite kwa ajili ya mateso waliyoyapata Waanabaptisti. Ungamo la Augsburg linawalaani Waanabaptisti kwa jina, na wanatheolojia wa Wittenberg, Luther na Melanchthon wakiwamo, waliunga mkono watawala kuwaadhibu hata kwa kifo. Juu ya ubatizo wa watoto wachanga bado hatukubaliani nao. Lakini hoja ya ubatizo haikuhitaji damu ya mtu. Danisa Ndlovu wa Zimbabwe, aliyekuwa rais wa Wamennonite ulimwenguni, aliwaletea Walutheri beseni la mbao la kutawadhia miguu. Kwetu sisi wa Tanzania, ambao Wamennonite ni majirani zetu huko Mara tangu mwaka 1934, tendo hilo si habari ya mbali.

6. Katika huduma yetu

Tukiyaleta mafunzo haya usharikani, twaweza kuyasema kwa ufupi.

Kwanza, tufuate utaratibu wa Bwana kwa mpangilio wake: nenda kwa mtu mwenyewe, peke yenu. Mchungaji anayemsema mzee wa kanisa kwa mafumbo mimbarani ameruka hatua zote. Tena amechagua mahali ambapo mwenzake hana ruhusa ya kujibu. Washarika huelewa mafumbo hayo haraka, na wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Pili, tusimjibu mtu mpaka tuweze kuyaeleza maoni yake hata yeye mwenyewe aseme: naam, hivyo ndivyo nilivyomaanisha. Hii ndiyo amri ya nane katika kazi ya theolojia. Mwanafunzi aandikaye juu ya Wapentekoste, Wakatoliki au Waislamu, na aandike kana kwamba mmoja wao atamsomea karatasi yake.

Tatu, tutenge mambo ya Injili na mambo ya utaratibu. Kupiga makofi, ngoma na vinanda, kuinua mikono katika maombi, saa za ibada: hayo ni mambo ambayo mchungaji aweza kuwa na hoja nzuri juu yake na bado akasubiri, kama walivyosubiriwa walio dhaifu mwaka 1522. Fundisho linatangulia, badiliko linafuata.

Nne, baraza likishapiga kura, aliyeshinda na awe wa kwanza kumtembelea aliyeshindwa. Kura huhesabu mikono iliyoinuliwa, haihesabu mioyo iliyoumia. Sharika nyingi zimegawanyika kwa sababu ya ukimya uliofuata baada ya kikao kuliko maneno yaliyosemwa kikaoni.

Tano, tusiligeuze fundisho hili kuwa kifuniko cha uovu. Mjane anayenyang'anywa shamba, au mke anayepigwa, asiambiwe anyamaze kwa ajili ya amani ya ukoo. Mathayo 18 inaanza na wadogo, na hukumu kali kwa anayewakosesha. Amani inayonunuliwa kwa kumnyamazisha aliyeonewa imempoteza ndugu mmoja ili kuwafurahisha wengine. Hapo mchungaji hana budi kusimama kama Paulo wa Antiokia, uso kwa uso. Paulo alimwambia Timotheo kwamba mtumwa wa Bwana asiwe mgomvi, na papo hapo akamwagiza awaonye wanaoshindana naye, kwa upole (2 Tim. 2:24-25). Upole na maonyo vimewekwa katika sentensi moja.

Hitimisho

Melanchthon alikufa tarehe 19 Aprili 1560. Siku chache kabla ya kufa aliandika kwenye karatasi sababu za kutoogopa mauti. Upande mmoja aliandika kwamba atamwona Mungu na kumtazama Mwanawe. Upande wa pili, pamoja na kuwekwa huru mbali na dhambi, aliandika kwamba ataokolewa kutoka katika ghadhabu ya wanatheolojia. Mtu aliyeliandikia kanisa Ungamo la Augsburg, aliyeipenda kweli kuliko wengi, alihesabu mabishano ya ndugu zake miongoni mwa mambo ambayo mauti ingemponya nayo.

Karatasi hiyo ni shitaka juu yetu tunaofundisha na kuhubiri. Kweli ya Injili tuliyopewa ni habari ya Mungu ambaye, sisi tulipokuwa adui zake, alitupatanisha naye kwa kifo cha Mwanawe (Rum. 5:10). Yeye alikuwa na kila hoja juu yetu, na hoja zake zote zilikuwa sahihi. Akachagua kutupata. Anayelihubiri Neno hilo kwa namna inayompoteza ndugu anaipinga Injili kwa njia ile ile anayoitetea. Basi kila tutokapo katika baraza, darasani, au katika nyumba ya mshirika tuliyebishana naye, tujiulize kama Bwana wetu angetuuliza: Ulimwacha wapi ndugu yako? Na kama hatujui alipo, safari yetu ya kesho imekwisha kupangwa.